Picha Yenye Meno

"Hii ni ngazi ya duka langu, siyo benchi la wateja wako," Mama Pindo alikuwa akisema, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, mkono mmoja kiunoni. "Mtu anakuja kwangu apimwe gauni, mlangoni anakuta magoti kumi na mawili. Sasa aruke?"

"Mama Pindo, foleni siyo mbuzi wangu kwamba nitaifunga kamba."

"Ifundishe adabu basi. Hata hilo shuka jeupe unalotundika nyuma ya wateja nimekupindia mimi."

Aliyekuwa akigombezwa alikuwa mpiga picha wa mlango wa pili. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaa mzima. Kutwa alikuwa akimwambia kila aliyekaa kwenye stuli yake neno moja, usicheke, mpaka nalo likawa ndilo jina lake. Kwake ulipata picha za pasipoti na za viza, ulitoa kopi, ulijaziwa fomu, na bahasha yako ilikaguliwa kabla hujaipeleka ofisi ya viza iliyokuwa kona ya barabara. Ndiyo maana magoti hayakuisha kwenye ngazi ya Mama Pindo.

Ugomvi ule ulikuwa wa kila wiki na wote wawili waliupenda. Asubuhi hiyo walihitaji hakimu. Mama Pindo akamnyooshea kidole mwanamke mmoja kwenye foleni, mwenye bahasha ya kaki mapajani: "Dada, wewe unaonekana umetulia. Hebu sema, nani mwenye makosa hapa?"

Mwanamke akainua uso. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, viatu bapa vya kazi, na saa ndogo aliyoibana kifuani kwa pini, kama wanavyovaa wauguzi. Nywele alizivuta nyuma zikakaza.

"Mimi nimetoka zamu, miguu inawaka," akasema. "Atakayenipa kiti ndiye mwenye haki."

Foleni nzima ikacheka. Mama Pindo akacheka kuliko wote, akaingia ndani kuleta kiti, lakini alipotoka nacho Usicheke alikuwa ameshamwingiza dada studio na kumkalisha kwenye stuli, mbele ya watu wanne waliomtangulia. Wanne hao walinung'unika. Yeye hakuwasikia.

Alikagua bahasha kama alivyokagua za wote, karatasi moja moja. Pasipoti ilibakiwa na miaka mitatu, na watu wa viza wanataka angalau miezi sita. Vyeti vya uuguzi vilikuwepo, cheti cha tabia njema cha polisi kilikuwepo, kadi ya njano ya chanjo ilikuwepo na mhuri wake. Barua ya ajira ilitoka hospitali ya ng'ambo: mkataba wa miaka miwili. Mwishoni kabisa kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, kona imejikunja, kinanukia unga.

"Hiki kilikuwa kinapikwa?"

"Acha tu. Mama amekitafuta mwezi mzima, nyumba imepinduliwa. Kumbe kilikuwa chini ya kopo la unga. Macho yake siku hizi si mazuri."

Akawasha taa mbili, akamwambia masikio yaonekane, mdomo ufungwe, macho hapa. "Usicheke."

Nesi akacheka. Akaomba radhi, akajinyoosha, akavuta pumzi. "Usicheke," akaambiwa tena, kwa sauti ileile nzito ya kutangazia msiba, na kicheko kikamponyoka, meno yote nje. Sauti ya Mama Pindo ikapita juu ya ubao uliotenga vyumba viwili: "Mwambie amfikirie mama mkwe." Hapo ndipo uso ulipotulia na picha safi ikapatikana.

Mashine ikatoa karatasi mbili, moja ya uso uliotulia, nyingine ya meno, kwa sababu zote mbili alizipeleka kuchapa. Nesi alikuwa ametoka kushonewa kifungo kwa Mama Pindo, na Usicheke alikuwa amesimama na mkasi.

Ilimchukua dakika mbili kuamua. Alivijua vituko vya ofisi ile: karani hufungua bahasha papo hapo dirishani, na picha mbaya inarudishwa mkononi mwako, kapige nyingine, urudi kabla ya saa tisa. Kila wiki watu walimrudia mbio, wanahema. Naye Nesi akirudi mbio, atampiga nyingine bure, atamwomba radhi, atamnunulia soda, wataongea tena. Saa moja tu. Nani amewahi kufungwa kwa kuiba saa moja?

Zile zenye meno akazitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Zile sahihi akazisukuma ndani ya droo, chini ya balbu zilizoungua.

Mchana akafagia studio mara mbili. Saa nane akabadilisha shati. Saa tisa ikapita, ofisi ikafungwa, na Nesi hakutokea. Jioni simu ikalia. Namba yake ilikuwa kwenye mhuri wa bahasha.

"Kaka Usicheke? Nimeona nikushukuru. Siku hizi hawafungui dirishani, wamebadilisha tangu Jumatatu. Bahasha inapokelewa ilivyo, inapelekwa makao makuu, majibu wiki tatu. Kwa hiyo nimemaliza, nasubiri tu."

Angeweza kusema palepale. Karatasi bado zilikuwa humu mjini, na kesho asubuhi angeweza kwenda kubembeleza. Lakini Nesi alikuwa akiuliza kama sauti ile ya msiba huwa anaitumia na kwa wachumba wake, naye akajibu hana mchumba wa kumtisha, na Nesi akasema makubwa, mwanaume mzima. Wakacheka mpaka salio likaisha. Akajiambia atasema kesho.

Kesho zikawa nyingi. Nesi alimpigia kila alipotoka zamu, akatembea naye kwa simu mpaka nyumbani. Jumapili alikuja studio amevaa gauni la maua lililomkaa sawasawa kiunoni, kazi ya Mama Pindo, akakaa kwenye stuli kumsumbua wakati akijazia watu fomu. Alimwita "Usicheke wangu" mbele za wateja. Naye akamwita "laazizi" kwa sauti ndogo, na Mama Pindo upande wa pili akaikanyaga pedali ya cherehani kwa kelele ili ajulikane kwamba amesikia.

Kila simu Nesi aliimaliza vilevile. "Niombee viza yangu itoke." Na kila mara yeye alijibu, "Amina."

Akikata simu anafungua droo, anaziangalia zile picha za uso uliotulia, anaifunga. Alianza kula kidogo. Mteja akikaa kwenye stuli, anasahau kurekebisha lenzi, picha zinatoka na ukungu. Alijipa moyo kwamba pengine huko makao makuu wataipitisha tu, makarani nao ni watu, nani atakataa uso ule.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, Nesi aliingia na bahasha imefunguliwa. Hakusalimia. Alikaa kwenye stuli mwenyewe bila kuambiwa.

Barua ilikuwa mistari minne: picha haikidhi masharti, mwombaji achukue miadi mpya. Miadi ya karibu iliyopatikana ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao, na hospitali ya ng'ambo ilimtaka awe na viza mwisho wa mwezi huu, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayemfuata kwenye orodha.

"Ni mimi," akasema. "Uliniambia nisicheke, mara mbili uliniambia. Mtu mzima na cheti, nacheka kama mtoto. Nitamwambia nini mama? Ule mguu wake unataka kupasuliwa, na mimi ndiyo kila kitu pale nyumbani."

Usicheke akasema pole. Akawasha taa. Alipoinua kamera, lile neno lake halikuwa na kazi: uso wa Nesi ulikuwa umetulia wenyewe, macho yamejaa. Picha ikatoka safi, inayokidhi kila sharti, na hakuwahi kupiga picha iliyomtia aibu kama ile. Akazikata, akamtilia kwenye bahasha, akamsindikiza mlangoni. Droo hakuigusa.

Alipogeuka, Mama Pindo alikuwa amesimama kwenye pazia lililounganisha vyumba viwili, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Siku ile nilikuja kukuletea mkasi wangu mkubwa," akasema polepole. "Nikaona mkono wako unaingia kwenye droo. Nikajua unamtunzia moja ya kumbukumbu, nikafurahi. Leo ndiyo nimeelewa ulichokiweka humo."

"Mama Pindo..."

"Sitaki Mama Pindo. Utasema wewe au niseme mimi. Na mimi nikisema, unajua huwa nasemaje. Mpaka habari ifike mwisho wa barabara utakuwa umemchoma kisu."

Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, alimfuata hospitali. Walikaa kwenye benchi la nje ya wodi, pale ndugu wa wagonjwa wanaposubiri na vikapu vyao. Nesi alifurahi kumwona, akadhani ameletewa habari. Yeye akamkabidhi kipande cha karatasi chenye picha nne.

Nesi akaziangalia. Zilikuwa za siku ile ya kwanza, kola nyeupe, uso umetulia.

"Umezipata wapi?"

"Zilikuwa kwangu. Kwenye droo."

"Sielewi."

"Zilitoka mbili. Nilijua ipi itakataliwa. Nikaitia hiyo." Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Nilidhani watakurudisha dirishani siku ileile. Nilitaka urudi tu, nikuone tena. Sikujua wamebadilisha utaratibu."

Mama mmoja kwenye benchi akaacha kutafuna. Nesi hakupandisha sauti.

"Nilipokupigia jioni ile, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Wiki tatu nakwambia niombee. Ulikuwa unaniitikia amina."

Nesi akasimama, akanyoosha gauni lake la kazi kwa viganja viwili.

"Mimi nikimchoma mgonjwa sindano isiyo yake, siwezi kwenda kwa ndugu zake nikasema nilitaka tu kesho nimwone tena. Na jana ukaniacha nijilaumu mbele yako, unanipa pole." Akamrudishia picha, kisha akabadili mawazo, akazichukua. "Hizi ni zangu. Nenda nyumbani."

Tangu hapo simu ililia bila kupokelewa. Alituma ujumbe wa pole mrefu, halafu mfupi, halafu akaona aibu ya kuendelea kutuma maneno kwa mtu aliyemwibia kitu.

Kwenye ukuta wa ofisi ya viza kulikuwa na karatasi mbili ambazo wapiga picha wote walizijua. Ya kwanza ilikuwa orodha ya studio ambazo picha zake zinapokelewa, na bila kuwemo humo hakuna mteja atakayepanda ngazi yako. Ya pili, ndogo, ilisema kwamba faili lililorudishwa kwa kosa la studio litaingizwa upya bila miadi na kutangulizwa, mradi studio ikiri kwa maandishi. Hakuna aliyewahi kuitumia ile ya pili, maana studio ikikiri inafutwa kwenye ya kwanza. Makosa yote mjini yalikuwa ya wateja.

Usicheke aliandika barua yake kwa mkono, kwa mwandiko uleule aliojazia watu fomu kwa miaka tisa. Akaambatanisha nakala mpya ya picha sahihi, akaeleza kwamba ilikuwepo tangu mwanzo, kwamba aliibadilisha yeye kwa kujua, kwamba mwombaji hana kosa. Akapiga mhuri wa studio chini, akavaa shati safi na kwenda kupanga foleni kama mtu mwingine yeyote.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni. Alisoma mara mbili, akamtazama juu ya miwani.

"Hapa umeandika 'kwa kujua'. Ungeandika 'kwa bahati mbaya' ingetosha."

"Haikuwa bahati mbaya."

"Nikiipokea hii, jina linatoka."

"Linatoka lini?"

"Leo, nikimaliza kunywa chai."

Akasema sawa, naomba uipokee. Mama yule akaipiga mhuri taratibu, na alipokuwa akimrudishia nakala akasema hajawahi kuona mwanaume wa aina hiyo, lakini hakusema kama ilikuwa sifa.

Siku ya pili yake ngazi ya Mama Pindo ilikuwa tupu. Walikuja wawili kutoa kopi na mmoja aliyetaka picha ya ukumbusho wa mtoto. Mama Pindo alifagia ngazi yake iliyo safi, akakaa, akainuka. Mwishowe akaingia kwa kupitia pazia na kulalamika kwamba kumekuwa kimya kama makaburini, na kwamba wale wa foleni ndio waliokuwa wakikumbuka vifungo vyao vilivyokatika. Kisha akaona kamera imefunikwa kitambaa, akapunguza sauti. "Umemwambia ulichofanya kule ofisini?"

"Simwambii. Atadhani namdai kitu."

"Basi simwambii na mimi," akasema Mama Pindo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitimiza ahadi ya namna hiyo.

Siku ya kumi na tatu tangu apeleke barua, simu ikalia. Aliangalia jina kwenye kioo mpaka karibu ikate.

"Kesho mchana njoo nyumbani," Nesi akasema. "Usichelewe." Akakata.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo, kamba ya nguo imejaa sare za buluu. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi mpaka linakata, na kalamu yake ya kujazia fomu alikuwa ameisahau sikioni. Mlango ulifunguliwa na mama mtu mzima, mwembamba, anayeegemea fimbo. Mguu mmoja umefungwa bendeji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpiga picha." Haikuwa swali. "Wewe ndiye uliyetaka kumzuia mwanangu."

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Nimekuja kukuomba msamaha na wewe, kwa sababu nilikuwa sijui kuhusu mguu, ila hata ningejua sijui kama..."

Mama akatazama nyuma yake, ndani, halafu akauvuta mlango ukabaki wazi kidogo tu. Akasogea karibu.

"Kile cheti cha kuzaliwa," akasema kwa sauti ya chini, "alikwambia kilikuwa wapi?"

"Chini ya kopo la unga."

"Hakikwenda chenyewe. Mwezi mzima nilikuwa namsaidia kukitafuta. Nainua godoro pamoja naye. Nilisema ngoja nipate naye siku mbili zaidi, halafu nyingine mbili. Nilipoona analia ndipo nikajifanya nimekiona. Sijamwambia mtu. Basi tulikuwa wawili, baba."

Wakasimama hapo, kijana na mama, hakuna anayejua atazame wapi. Mlango ukafunguliwa wote.

Nesi alikuwa amejifunga kanga juu ya gauni la maua, mwiko mkononi. Uso wake ulikuwa ule wa picha sahihi, na hapakuwa na haja ya kuuliza kama amesikia. Alimtazama mama yake. Mama akainamisha kichwa.

"Mwezi mzima, mama," akasema. "Na mimi nikakupeleka kupimwa macho."

"Macho yangu ni mazima, mwanangu."

"Naona."

Akageuka kwa Usicheke. "Ofisi iliniita nipeleke pasipoti bila miadi, na jana nimeichukua. Viza imetoka, naondoka Jumatano. Yule mama wa dirishani alinionyesha barua yako, kisha akanipeleka ukutani kunionyesha mstari uliofutwa. Sijakusamehe yote. Ile amina bado inaniuma, nikilala inaniuma."

"Sijaja kukudai msamaha wote."

"Najua. Ungekuwa unadai ungekuwa umeshanipigia kunitangazia hiyo barua." Akachomoa karatasi iliyokunjwa kwenye kanga, akampa. Ilikuwa fomu ya kuombea pasipoti, tupu, isipokuwa sehemu moja tu: penye mtu wa karibu wa kuwasiliana naye, palikuwa na jina lake Nesi na namba yake ya simu. Kisanduku cha pembeni, cha uhusiano, kilikuwa wazi.

"Miaka tisa unawajazia watu, wewe mwenyewe huna pasipoti. Miaka miwili siyo mingi, ila sitaki kuihesabu mimi peke yangu. Hapo kwenye uhusiano sijaandika. Andika wewe, na uandike ukweli. Ukiona bado hujui, iache wazi, nitaelewa."

Alitafuta kalamu mifuko yote miwili. Mama akamgusa sikio kwa ncha ya kidole. Akaichukua, akaiweka fomu kwenye ukuta wa nyumba, akaandika neno moja kwa mwandiko wake wa kazi. Nesi akasoma begani kwake. *Mchumba.*

Hakucheka. Lakini mdomo wake ulifanya kile kilichomponza siku ya kwanza, ukajibana, ukashindwa, na jino moja likaonekana.

"Wote wawili mmenichezea," akasema, akimshika mama yake mkono ili avuke kizingiti, na kumsogezea Usicheke ndoo ya maji ya kunawa kwa mguu. "Haya, wakosaji, ingieni ndani tule. Chakula kinapoa."